Mazoezi Tiba kwa Mbwa na Punda Dodoma: Wiki Kumi Nikiwa Mteja

Mwezi Mei mwaka huu mbwa wetu Doa, jike la miezi saba, aligongwa na bodaboda kwenye barabara ya vumbi inayopita mbele ya nyumba yetu hapa Nkuhungu, akavunjika fupa la paja la mguu wa nyuma wa kushoto, karibu kabisa na goti. Kesho yake alifanyiwa upasuaji akawekewa pini ya chuma, na mfupa ukaunga vizuri. Kilichotupeleka kwa daktari ninayemwandika hapa ni kwamba mfupa uliunga lakini mguu haukurudi. Wiki ya tano baada ya upasuaji Doa alikuwa bado anaruka kwa miguu mitatu, mguu wa nne ameunyoosha nyuma kama fimbo, na kila nilipojaribu kulikunja goti lake nilikuta limekaza kama bawaba iliyoshika kutu.

Mahali alipopasuliwa sitapataja, kwa kuwa kazi yao ya mfupa ilikuwa safi na lengo langu si kuwachafulia jina. Hata hivyo walituruhusu kuondoka na agizo moja tu, kwamba mbwa afungiwe asitembee kwa wiki sita, na hakuna aliyetuambia kuwa goti la mbwa mchanga lisipokunjwa kila siku linaweza kukaza moja kwa moja. Tulitii agizo hilo kwa uaminifu mkubwa, tukamfungia bandani, na kwa utiifu wetu huo tukamwongezea ulemavu. Jambo hili bado linaniuma, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuandika tathmini hii.

Daktari tuliyempata ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa, anayefanya kazi peke yake na kuwafuata wanyama majumbani kwa pikipiki. Hana bango wala ofisi ya kupokelea wagonjwa, na ameniomba nisiandike jina lake kwa sababu tayari ana wanyama wengi kuliko siku zake za wiki. Mwenye shida aulize kwenye maduka ya dawa za mifugo hapa mjini, maana huko ndiko na mimi nilikoelekezwa. Na mtu yeyote atakayejitokeza kwenu akijiita mtaalamu wa viungo vya wanyama, mwombeni awaonyeshe usajili wake wa Baraza la Veterinari Tanzania, kwa kuwa tiba ya wanyama nchini inasimamiwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na mguu uliovunjika haufai kuwa uwanja wa majaribio ya mtu aliyejifunza kwa kutazama video. Hata mtaalamu wa fiziotherapia ya binadamu, pamoja na ujuzi wake wote, anahitaji kuongozwa na daktari wa mifugo hapa, kwa kuwa mbwa hutembea kwa vidole, na kile ambacho wengi hudhani ni goti lililogeuka nyuma kwa kweli ni kifundo cha mguu.

Ziara ya kwanza ilichukua saa moja na nusu. Alianza kwa kuomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hajamgusa mnyama, kisha akataka picha mpya ya eksirei ili ajue kama mfupa unaweza kustahimili mazoezi, nami nikafurahi kwamba nilikuwa nimeshaipiga wiki ile. Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda kwa karibu robo saa akimtazama tu Doa akizunguka uani, akasimama, akalala, akainuka. Ndipo alipomfunga mdomo kwa ukanda wa bandeji, kwa upole kabisa, akieleza kwamba mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda, akaanza kupima.

Vipimo hivi ndivyo vilivyonifanya nimwamini. Alitumia kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili, mmoja ukilala juu ya paja na mwingine juu ya mguu wa chini, akasoma pembe ya goti lilipokunjwa hadi mwisho wake. Goti la mbwa mzima hujikunja hadi karibu nyuzi 40 na kunyooka hadi karibu nyuzi 160. La Doa liliishia nyuzi 95. Kisha akazungusha utepe wa fundi cherehani kwenye paja, mahali pamoja kwa miguu yote miwili, akapata sentimita 32 upande mzima na 27 upande mbovu. Sentimita tano za misuli zilikuwa zimeyeyuka katika wiki tano. Aliandika namba hizo kwenye daftari lake, akaniandikia na mimi kwenye kipande cha boksi, akasema, "Mzee wangu, kuanzia leo tusiulizane kama mbwa anaendelea vizuri. Tutaziuliza hizi."

Alitueleza vilevile kinachotokea. Mbwa mchanga anapovunjika fupa la paja karibu na goti, misuli ya mbele ya paja inaweza kushikamana na mfupa unaounga, hasa mguu ukikaa umenyooshwa bila kazi, na misuli hiyo ikishageuka kuwa makovu hukaza kama kamba ya katani. Hali hiyo ikikomaa, upasuaji wa kuiachia mara nyingi hauleti matokeo ya kuridhisha, na wapo mbwa ambao mwisho wao ni kukatwa mguu. Dawa yake kubwa ni kuizuia, yaani kuanza kulikunja goti siku chache tu baada ya upasuaji. Sisi tulikuwa tumefika wiki ya tano. Hakutupa matumaini ya uongo: alisema nyuzi 40 pengine hatutazifikia tena, lakini zikipatikana 60 mbwa atatembea, atakimbia na atapanda ngazi.

Huduma yenyewe ni nini, basi? Kwa sehemu kubwa ni kufundishwa. Daktari huja mara moja kwa wiki mwanzoni, baadaye kila baada ya wiki mbili, na siku nyingine zote kazi ni ya watu wa nyumba. Nilipokuwa nikijadiliana naye bei nilidhani ninanunua mikono yake, na siku za mwanzo nilijiona nimepunjwa, kwa sababu nalipa halafu kazi naifanya mwenyewe. Leo naona hapo ndipo ubora wa huduma hii ulipo.

Zoezi la msingi linahitaji mkeka, mikono miwili na subira. Doa hulazwa ubavu, mguu mzima chini na mguu mbovu juu. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa huwekwa mbele ya paja kwa dakika kumi ili misuli ilegee, nacho hujaribiwa kwanza kwenye kiwiko cha anayekanda, kwa sababu mbwa hana namna ya kutuambia kwamba anaungua hadi awe ameshaungua. (Joto hili ni la jeraha lililopoa. Katika siku tatu za kwanza baada ya upasuaji hutumika barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika kumi hadi kumi na tano, nasi hilo pia hatukuambiwa.) Kisha mkono mmoja hushika paja karibu na goti, mwingine hushika mguu chini kidogo ya goti, ili nguvu isipite kwenye mfupa unaounga, na goti hukunjwa taratibu hadi misuli inapoanza kukataa, hushikiliwa hapo kwa kuhesabu hadi kumi na tano, halafu huachiwa. Mara kumi na tano, awamu tatu kwa siku.

Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyechukua jukumu hilo. Daktari alikaa nyuma yake mkekani, akaweka viganja vyake juu ya viganja vya kijana, wakakunja goti pamoja huku akimnong'oneza aangalie uso wa mbwa na si mguu. "Sikio likirudi nyuma na ulimi ukaanza kulamba pua, huo ndio mwisho wa leo. Ukisubiri alie, umeshachelewa." Walirudia mara sita au saba, kisha daktari akaondoa mikono yake polepole, kijana akaendelea peke yake bila kugundua kwamba ameachiwa. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na ufundishaji wa namna ile nauheshimu.

Mazoezi mengine yaliongezwa kadiri mguu ulivyolegea. Tulimpitishia Doa kanga iliyokunjwa chini ya tumbo ili kumpunguzia uzito wa nyuma wakati wa kutembea. Tulipanga mipini ya mifagio juu ya matofali, tukamwongoza aivuke mmoja mmoja kwa mwendo wa pole, na kila alipovuka ilimlazimu kuinua goti. Tulimfundisha kukaa na kusimama akiwa amebanwa kwenye kona ya ukuta ili mguu mbovu usiteleze kando, na mke wangu akakubali, baada ya mjadala kidogo, kutandika mikeka sebuleni, kwa kuwa vigae vyetu vinateleza na mbwa anayeogopa kuteleza hawezi kuuamini mguu wake. Kubwa zaidi lilikuwa matembezi ya polepole kwenye korongo kavu lililo nyuma ya mtaa. Mchanga mzito wa korongo hufanya kila hatua iwe kazi, na polepole ni lazima, kwa sababu mbwa akiachiwa akimbie huinua mguu mbovu na kuruka kwa mitatu, ilhali akitembezwa kwa hatua za kuhesabika hujikuta ameuweka chini. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni tu. Mchana wa Dodoma mchanga huo huunguza nyayo, na mbwa, ambaye hujipoza zaidi kwa kuhema, anaweza kuzidiwa na joto kabla hujatambua.

Matokeo niyaweke kwa namba, kama tulivyokubaliana na daktari. Kutoka nyuzi 95, wiki ya pili goti lilifika 84, wiki ya nne 76. Wiki ya tano tulipata msiba Kondoa, tukakaa huko siku sita, na kijana wa jirani tuliyemwachia Doa akawa anafanya zoezi mara moja kwa siku badala ya tatu. Tuliporudi kipimapembe kilisoma 80. Siku sita zilitunyang'anya nyuzi nne tulizozipigania karibu wiki nzima, nami sijaona ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo kwamba mguu huu ulikuwa unaponeshwa mkekani kwetu, awamu tatu kwa siku, na si siku ile ambayo pikipiki ya daktari inaingia uani. Wiki ya kumi tulifika 62, na paja likawa sentimita 30 dhidi ya 32. Doa anatembea kwa miguu minne. Akichoka huchechemea kidogo, na anapokaa huuweka mguu wa kushoto kando badala ya kuukunja chini yake.

Gharama zilikuwa hivi. Ziara ya kwanza shilingi 40,000, na ziara sita zilizofuata 25,000 kila moja. Mara tatu tulilipa 10,000 za ziada kwa mashine ndogo ya kusisimua misuli kwa umeme, hivyo jumla ikawa shilingi 220,000. Kwa ziara sina kinyongo. Kwa mashine ninacho kidogo: katika wiki tulizoitumia na wiki ambazo hatukuitumia goti lilisogea kwa mwendo uleule, na nilipomuuliza daktari moja kwa moja alikiri kwamba ingefaa zaidi kwa mnyama aliyepooza au asiyeweza kabisa kukaza misuli mwenyewe. Hilo alipaswa kulisema kabla ya kupokea pesa. Nawashauri wateja wengine waulize mapema kila kifaa kinaongeza nini kwa mnyama wao.

Upungufu mwingine ni wa ratiba na wa maandishi. Mara mbili alifika saa saba mchana badala ya saa mbili asubuhi, na katika joto lile Doa alikuwa amelala hoi, tukapoteza zoezi la kutembea. Maelekezo yote aliyatoa kwa mdomo, na kufikia wiki ya pili mimi nilikuwa nikihesabu kumi, kijana kumi na tano, na mama yake ishirini. Tulipomlalamikia alianza kurekodi video fupi kwa simu yangu kila baada ya somo, na mambo yakanyooka. Video hizo zingekuwepo tangu siku ya kwanza, huenda wiki ya pili ingetupa zaidi ya tulichopata.

Upo pia upungufu usio kosa lake. Katika nchi nyingi zilizoendelea kwenye fani hii wanyama hutembezwa juu ya mkanda wa mashine unaozunguka ndani ya tangi la maji, na faida yake inapimika: maji yakimfika mbwa kwenye nyonga, miguu yake hubeba takriban asilimia 38 tu ya uzito wake. Daktari wetu hana kitu cha namna hiyo, na katika mji ambao maji ya bomba huja kwa mgao sishangai. Mchanga wa korongo unajenga misuli lakini hauupunguzii mguu uzito. Kwa mbwa mchanga na mwepesi kama Doa tofauti hiyo haikutuumiza sana, ila kwa mbwa mzee, mnene, mwenye gegedu zilizolika, nadhani huduma hii kwa hali yake ya sasa itamsaidia nusu tu, na mwenye mbwa wa aina hiyo aanze kwa kumpunguza unene kabla ya kulipia lolote.

Kuhusu dawa, daktari alikuwa mkali, nami namuunga mkono. Alikuta kwenye dirisha letu kijaluba cha diklofenaki ambacho mtu mwema alitushauri tumpe Doa. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli humuua paka hata kwa kiasi kidogo. Alituandikia dawa ya maumivu ya mbwa kwa kipimo cha uzito wake, akasema tuitoe pamoja na chakula, na akaiondoa wiki ya tatu.

Nimalizie na punda, kwa sababu ziara ya nne ilituonyesha upande wa huduma hii ambao sikuutarajia. Fani hii kwingineko imekua sana kwa sababu ya farasi wa mashindano, nasi hapa katikati ya nchi hatuna farasi wa kutaja, ila tuna punda, ambao wamebeba maji ya Ugogo tangu zamani. Mzee mmoja anayetuuzia maji alikuwa amefika getini na punda wake, daktari akaacha kila kitu akamtazama mnyama yule akitembea. "Mbukwenyi, baba," akamsalimia mzee, kisha akaomba ruhusa kumgusa punda mgongoni. Alipobonyeza kando ya uti wa mgongo, nyuma ya tandiko, ngozi ilitetemeka na punda akashusha mgongo, lakini hakupiga teke wala kulia. Punda huficha maumivu kiasi kwamba wengi tunadhani hana.

Madumu manne ya lita ishirini ni kilo 80, mzigo mkubwa mno kwa punda wetu, ambao wengi hawafiki kilo 150, na dumu moja la upande wa kulia lilikuwa limening'inia chini kuliko mwenzake. Daktari alimwelekeza mzee apumzishe mnyama siku kumi, kisha arudi na madumu mawili tu yanayolingana, aongeze gunia lililojazwa majani laini chini ya tandiko bila kugandamiza uti wa mgongo wenyewe, na akate kwato za mbele zilizokuwa zimerefuka. Halafu alimfundisha zoezi ambalo farasi hufanyishwa kwa karoti: alichukua ganda la tikiti, akamfanya punda alifuate kwa mdomo hadi ubavuni, kulia na kushoto, na hadi katikati ya miguu ya mbele, mara tano kila upande. Uchunguzi uliofanywa kwa farasi ulionyesha kwamba mazoezi ya namna hiyo, yakifanywa siku tano kwa wiki kwa miezi mitatu, hukuza misuli midogo inayoshikilia uti wa mgongo. Mzee alicheka, akasema hajawahi kuona punda akichezeshwa kama mtoto, lakini alilifanya. Hakudaiwa fedha, wiki iliyofuata alileta jogoo.

Ningependa sana kuona huduma hii ikiwafikia punda wengi zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawahusu nao, na kwa kuwa punda mwenye mgongo mzima ndiye anayelisha familia. Nilimweleza daktari hivyo, akajibu kwamba siku ya Jumamosi ameanza kupita kwenye vituo vya maji vya pembezoni mwa mji, bila malipo, muda ukimruhusu.

Ziara yetu ya mwisho ilikuwa wiki mbili zilizopita. Aliondoka akituachia kipimapembe alichokikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu ya boksi na kukifunga kwa pini katikati, ili tumpime Doa kila Jumapili na tumpigie simu tu goti likirudi nyuma kwa zaidi ya nyuzi tano. Jumapili iliyopita mwanangu alisoma 60, mama yake akapima tena kwa sababu hakuamini, naye akasoma 60.